Mnunuzi wa Banda la Kamba

"Basi kama hukujua, hiyo kofia ya unyapara waivalia nini?" Mastura aliuliza, akautupa ule mti katikati ya ua.

Ulikuwa mti mwembamba wa kimo cha mtu, umepakwa rangi nyekundu kichwani, na nusu yake ya chini bado ilikuwa imejaa tope la pwani. Barakat, mumewe, aliutazama kama mtu anayetazama mbwa wa jirani. Alisema ameshaeleza mara mbili: watu wa Kampuni wapima ufuo, na kupima si kuuza. Tena mke mwenye akili hang'oi kitu cha Kampuni akakibeba begani mchana kweupe, Mtongwe nzima yatazama.

"Kilikuwa shimoni mwangu," Mastura alisema.

"Shimo lako, shimo lako. Bahari umeinunua lini?"

"Siku mama yako aliponipa."

Bi Alawiya, mama yake Barakat, alikuwa amekaa kwenye mbuzi mlangoni pa jiko akikuna nazi. Alisema kwamba yeye hajaitwa ushahidi bado, lakini wakimtaka yupo, haendi popote. Akaendelea kukuna, akiwa amegeuza sikio upande wa ugomvi ili asikose neno.

Ugomvi wenyewe ulikuwa na haki yake, maana nyumba hiyo ilikula kutoka mahali pamoja tu. Kampuni ilikuwa na ofisi kubwa Kilindini, ng'ambo ya feri. Ilishughulika na meli, majani ya chai na saruji, na huku Mtongwe, upande wa Likoni, penye mkono wa bahari, ilikuwa na kitengo kidogo ambacho wakubwa wake walikuwa karibu kukisahau: Idara ya Kamba. Ilikuwa banda moja refu la mabati na mashine moja ya kusokota. Humo wanaume waliajiriwa kwa mshahara, wakisokota kamba na kujaza magodoro, na Barakat alikuwa nyapara wao.

Wanawake hawakuajiriwa. Wao walikusanya makumbi ya nazi, wakayafukia topeni mahali ambapo maji hujaa na kupwa, wakayawekea mawe juu yasielee, wakayaacha miezi mpaka yaoze sawasawa. Halafu waliyafukua, wakayaponda kwa magongo mpaka zikatoka nyuzi safi, zile ziitwazo usumba, wakaliuzia banda kwa kupima. Kila mwanamke alikuwa na shimo lake na mawe yake. Shimo lilirithiwa kwa mama au kwa mama mkwe. Halikuandikwa popote na halikugombewa na mtu, kwa sababu kila mtu alijua jiwe la nani ni lipi, kama ajuavyo mtoto wa nani ni yupi.

Sasa watu wageni walikuwa wamepita wakichomeka vijiti vyekundu mpaka mashimoni. Mwaka huo wa sitini na mbili kila Mzungu alikuwa akiuza kitu: nyumba, gari, kabati, mbwa. Habari kwamba Idara ya Kamba itauzwa ilikuwa imezunguka tangu Ramadhani. Mmoja alisema mnunuzi ataka banda aweke saruji. Mwingine alisema kamba za nailoni zimeingia na kamba za makumbi zimekwisha. Wa tatu alisema banda halitauzwa kamwe, na huyo hakuaminiwa na mtu.

"Baba Hafswa," Mastura alisema, sasa kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. "Nitazame usoni. Meneja amekwambia nini?"

Barakat alitazama ukuta, kisha mti, kisha mama yake. Mwishowe akalitoa. Meneja, Bwana Wikens, amemwita kando na kumwambia kwamba Jumamosi atakuja mgeni kuangalia banda. Watu wawe safi. Watu wawe kimya, hasa wanawake. Na nyapara atakayeiongoza siku hiyo vizuri hatasahauliwa.

"Hatasahauliwa na nani?"

"Hakusema na nani."

"Na wengine?"

Barakat aliivua kofia yake, akaikung'uta. Bi Alawiya aliacha kukuna. "Mama yangu aliuzwa," alisema, kama mtu anayetaja bei ya sukari. "Hapa hapa ng'ambo hii. Aliuzwa pamoja na shamba na minazi yake, na hakuna aliyemuuliza kitu. Nyinyi leo mwaweza kuuliza. Sasa mwanangu, mdomo huo umeuweka kwa siku gani?"

Neno hilo halikuwa limetajwa katika nyumba hiyo tangu Mastura alipoolewa. Barakat alivaa kofia yake, akaingia ndani kubadili shati, akatoka kuelekea feri, akaulize ofisini. Bi Alawiya aliuchukua ule mti, akaufuta tope, akautumia kuitegemeza kamba ya kuanikia nguo iliyokuwa imelegea.

Watu wa kamba wana harufu yao. Tope la makumbi halitoki kwa sabuni. Barakat mwenyewe hakuwahi kushuka topeni hata siku moja, kwa kuwa topeni ni kwa wanawake, na mwanamume aliyeonekana huko angechekwa mpaka msikitini. Lakini alilala nyumba moja na harufu hiyo na kufanya kazi ndani yake, na kwenye feri watu walijisogeza taratibu, kila mtu akijifanya anatafuta upepo. Alikuwa amezoea. Siku hiyo tu ndipo alipoona kwamba amezoea.

Ofisini alipokewa na karani kijana aitwaye Erastus, mtu wa bara, mwenye tai. Erastus alimsalimia kwa adabu, kisha akafungua dirisha. Alimwambia asubiri barazani, penye magunia. Barakat alisubiri. Wateja walipita, chai ya wakubwa ikapita kwenye sinia, ikarudi. Adhuhuri ikamkuta palepale. Hatimaye Bwana Wikens akatoka akiwa na haraka, akamwona, akatabasamu kama mtu aliyekumbushwa jambo dogo.

"Jumamosi, Barakat. Jumamosi," alisema, akaingia garini.

Erastus alitoka kuliondoa sinia. Hakuwa mtu mbaya. Alitazama kulia na kushoto, akasema polepole kwamba banda litapeanwa likiwa tupu. Wafanyakazi wote wataandikiwa kwamba kazi imeisha, na miaka yao imeisha nayo, hakuna kiinua mgongo. Mnunuzi akitaka atachukua wachache, kama watu wapya, kwa mshahara wa watu wapya.

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mzee. Na vile vitu viko kwa matope, vimewekwa kwa mauzo pia. Meneja amesema ni mali ya Kampuni, ya kutosha mwaka mzima. Ndiyo maana bei iko juu."

Barakat alimuuliza kwa nini anamwambia hayo. Kijana alilegeza tai yake kidogo. Alisema idara ya chai nayo imeanza kupimwa, na meza yake iko kwenye idara ya chai.

Barakat alirudi na feri ya alasiri akiwa amenunua halwa, vile wanaume wafanyavyo wakiwa na habari mbaya. Mastura aliipokea ile halwa katika kikapu chake kidogo, akaifunua, akaifunika tena.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu, watu wa banda walikusanyika uani kwa Barakat. Halwa ililiwa kwanza, kwa sababu habari mbaya haizuii utamu. Kisha Barakat akasema yote, bila kupunguza, na hapo mkewe alimtazama kwa jicho jema kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kila mtu alikuwa na dawa. Kefa, fundi wa mashine, aliyepanga chumba cha mwisho katika nyumba hiyo, alisema waende kwa chama cha wafanyakazi kule kisiwani. Lakini chama chenyewe kilikuwa na mgomo wa bandarini mkononi na kisingeweza kufika kabla ya Jumamosi. Mwingine alisema wangoje Madaraka, serikali ya wenyewe ikija itawarudishia. Kitsao, mjazaji wa magodoro, mtu mnene mwenye maneno mengi, alisema yeye hababaiki hata kidogo, atarudi kwao Kaloleni akalime mahindi.

"Jembe walijua lina mpini upande gani?" aliuliza Mbeyu, shoga yake Mastura, aliyekuwa amekaa na wanawake upande wa kisima.

"Nitauliza nikifika," Kitsao alijibu, na ua mzima ukacheka, yeye mwenyewe akicheka zaidi.

Lakini cheko lilipokwisha, wanaume hawakukata shauri lolote. Walisema Jumamosi wanyamaze, wamsikie mgeni. Walisema si vizuri kumkasirisha mtu kabla hujamjua. Mastura aliwatazama mmoja mmoja, akawaona walivyo. Kila mmoja alikuwa ameshapiga hesabu kwamba katika wachache watakaochukuliwa, naye yumo. Mmoja alikuwa ameshauliza sabuni ya kipande yauzwa duka gani.

"Mkijiosha mmoja mmoja," aliwaambia, "mtachaguliwa mmoja mmoja."

Wanaume waliudhika, wakaaga. Mume wake naye aliudhika, akaenda msikitini mapema.

Mastura na Mbeyu walibaki wakiponda makumbi, kwa sababu kazi haikujua kwamba kuna mkutano. Mbeyu alisema kinachomshangaza ni huyo Mzungu. Huku kwao hata mtoto ajua kwamba ardhi ni jambo moja na kilicho juu yake ni jambo jingine. Mtu huuza shamba, na minazi iliyomo ikabaki ya shangazi yake. Mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine na akalala usingizi. Sasa huyu ana banda, na kwa kuwa banda laitazama bahari, aona kila kilicho mbele ya dirisha ni chake.

"Huenda na mnunuzi ni Mzungu mwenzake," Mbeyu alisema. "Au mtu wa Nairobi. Tutamweleza kwa lugha gani?"

Mastura alisema tu kwamba Jumamosi ni bamvua, maji yatakupwa mbali, na siku kama hiyo wanawake huwa mashimoni. Watakuwa mashimoni. Mgeni akija, akute watu kazini.

Jumamosi banda lilinuka sabuni kwa mara ya kwanza tangu lijengwe. Kefa alivaa shati jeupe alilokuwa akilivalia kanisani. Kitsao alijipaka mafuta mpaka usoni. Barakat alipigiwa pasi kaki yake na mkewe mwenyewe, bila maneno mengi, na ukosi ukasimama vizuri. Kisha Mastura akafunga leso kiunoni, akachukua mapakacha yake, akashuka pwani na wenzake.

Bi Alawiya hakuwa amealikwa. Alikuja na mkeka wake, akautandika chini ya kivuli cha banda, akakaa.

Gari lilipofika, alishuka kwanza Bwana Wikens, kisha akashuka mzee wa kanzu na koti, mwenye bakora, na Bi Alawiya akampiga jicho akamjua. Alikuwa Mahfudh, wa wale wenye duka la vifaa vya vyombo vya baharini kule Mji wa Kale, watu wa biashara tangu zamani. Mzee Mahfudh alitoa salamu kwa watu wote, akampa mkono kila mfanyakazi, na hata yule aliyenyoosha mkono wenye grisi hakuachwa. Alipofika mkekani aliinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa Hamoud. Baba yako alikuwa akinunua kamba kwangu, na kila akija alikuwa na mgonjwa nyumbani ili nimpunguzie."

"Na ulimpunguzia?"

"Wagonjwa wake walikuwa hawafi."

Mzee Mahfudh alicheka mpaka akashika ubavu, na watu waliokuwa wamejikaza tangu alfajiri wakapumua. Bwana Wikens, ambaye hakuelewa, alicheka pia, nyuma kidogo ya wengine.

Walizunguka banda. Mzee aliigusa mashine, akaivuta kamba, akainusa. Kisha wakatoka upande wa pwani, wakasimama ukingoni, na chini yao tope lilikuwa limeenea mbali, jeusi na linang'aa, na wanawake wameinama humo kila mmoja penye mawe yake. Bwana Wikens alinyoosha mkono. Alisema kwa Kiswahili chake kwamba hiyo ndiyo akiba, makumbi ya mwaka mzima, tayari, na imo ndani ya bei.

Mzee Mahfudh aliielekeza bakora yake topeni. "Na yale mawe?" aliuliza.

"Yote ya Kampuni."

Mzee hakumgeukia tena meneja. Alimgeukia Barakat. "Wewe nyapara. Yale mawe ni ya nani?"

Wanaume wote wa banda walikuwa wametoka, wakasimama nyuma na mashati yao meupe. Bwana Wikens alimtazama Barakat kwa jicho la mtu anayemkumbusha mwenzake ahadi. Barakat aliitaka kazi ile. Aliitaka sana, na hapakuwa na mtu pale asiyejua. Alitazama chini, akamwona mkewe amesimama, mikono kiunoni, tope mpaka magotini. Mastura hakumpa ishara yoyote.

"Si ya Kampuni, bwana," alisema. "Kampuni hununua usumba. Tope haijawahi kulinunua. Yale ni ya wake zetu, na kabla yao ya mama zetu. Huyu aliyekaa hapa ndiye aliyempa mke wangu lake."

Bwana Wikens akawa mwekundu. Alisema Barakat ni mwongo, na tangu saa hiyo hana kazi, aivue kofia. Barakat aliivua, akampa mkononi.

"Afadhali," alisema Bi Alawiya kutoka mkekani. "Ilikuwa yamkalia upande."

Huko chini Mastura alikuwa amesikia, kwa kuwa sauti husafiri juu ya tope. Hakupiga kelele. Aliinama, akakumbatia jiwe la kwanza la shimo lake, akalisukuma kando, akaanza kuchopoa makumbi na kuyatia kwenye pakacha.

"Toeni," aliwaambia wenzake. "Yote. Twayahamishia ule upande wa pwani anakokaa kaka yake Mbeyu. Wakauziane mabati."

Mbeyu alikuwa wa pili. Halafu wote. Hapana kazi yenye kelele kama kufukua makumbi: tope lanyonya na kutema, wanawake waitana, mtu ateleza akae chini, wenziwe wamcheke kabla hawajamwinua. Mmoja akaanzisha wimbo wa arusi, usiofaa kabisa mbele ya wageni, na wengine wakauitikia. Mapakacha yakaanza kupanda ukingoni, yakidondosha maji meusi, yakapangwa mstari mbele ya viatu vya meneja.

Mzee Mahfudh aliyatazama. Alikuwa mfanyabiashara, alielewa haraka. Bila makumbi hayo mashine haikuwa na cha kula nusu mwaka mzima, na banda la kamba lisilo na kamba ni banda tu. Bwana Wikens alisema ataita polisi. Mzee alimshika mkono taratibu.

"Usiite mtu, bwana. Mali ni yao. Mtu wa pwani yeyote atakwambia, hata askari utakayemwita. Njoo tuzungumze bei upya."

Walizungumza kando, chini ya kivuli cha gari. Meneja alikuwa na tiketi ya meli na mizigo iliyokwisha kufungwa misumari, naye mzee hakuwa na haraka yoyote. Mazungumzo hayakuwa marefu. Mzee aliporudi uso wake ulikuwa mkunjufu mno, na Mastura, aliyekuwa amepanda na pakacha la tatu, akauona.

"Shikamoo, mzee. Umepunguziwa?"

"Marahaba. Alhamdulillahi, kidogo."

"Umepunguziwa kwa mawe yetu. Basi na sisi tupe letu."

Mzee alimtazama mwanamke huyo aliyejaa tope mpaka nyusi. "Mwataka nini, mwanangu?"

"Wanaume hawa waingie na banda. Wote. Na miaka yao waingie nayo, asianze mtu upya. Hata huyu aliyefukuzwa sasa hivi, kwanza huyu. Na mizani ya usumba itoke nje ya banda, tuione ikipima."

Mzee alijibu kwamba hayo ni mambo mazito, atayafikiria, atawapa neno Jumatatu.

"Maji yarudi sasa," Mastura alisema. "Jumatatu makumbi yatakuwa kwa watu wengine, nawe utakuwa na mashine."

Mzee aligeukia wanaume. Aliwauliza kama huyu awasemea wao pia, au kila mtu ana lake. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mashati meupe yalitazamana. Kila mtu alikuwa ameoga kwa ajili yake mwenyewe, na mzee alikuwa amewapa mkono wote, na wachache walikuwa wameshaona kwamba mkono wao ulishikwa zaidi. Mastura alingoja. Ingekuwa amri yake angewapiga na pakacha.

"Mimi niko na mama huyu," Kefa alisema. "Tuingie wote ama asiingie mtu. Na hiyo mashine, mzee, nisipokuwa hapo haiwaki."

"Yawaka kwa matusi yake tu," Kitsao alithibitisha. "Nami nipo hapo hapo. Mahindi yatangoja."

Mmoja akasema naye yupo, na mwingine, mpaka ikawa aibu kunyamaza. Mzee Mahfudh aliegemea bakora yake, akatikisa kichwa.

"Wallahi nimekuja kununua banda, nimenunuliwa mimi," alisema. "Haya. Wote, na miaka yao. Na mizani nje. Kuandika tutaandika leo leo, lakini kwanza tusome Fatiha, mashahidi wakiwepo."

Viganja vikafunguliwa, visafi na vyenye tope. Kefa alivua kofia yake akatazama viatu vyake mpaka ilipoitikiwa amina, naye akaitikia. Bwana Wikens alimuuliza dereva watu wale wanaombea nini. Dereva akamwambia wanaombea bei.

Vigelegele vilikuwa havijatulia Mbeyu alipotazama nyuma, akapiga ukelele wa namna nyingine. Maji yalikuwa yameshaanza kurudi. Zaidi ya nusu ya makumbi yalikuwa juu, juani, na makumbi yaliyooza nusu yakikaukia juani huwa magumu kama mbao, hayafai hata kuni. Yalipasa kurudi topeni na mawe juu yake kabla maji hayajafunika mashimo, na mikono iliyoyatoa isingetosha kuyarudisha kwa muda uliobaki. Wanawake walianza kushuka mbio na mapakacha. Wanaume walisimama ukingoni wakiwaonea huruma, jinsi walivyozoea.

"Nyapara," Mzee Mahfudh aliita. Alikuwa na ile kofia ya unyapara mkononi, ameichukua kwa Wikens. Mlango wa gari ulikuwa wazi. "Panda, twende Kilindini tukaandikishe. Utakaa nyuma nami."

Barakat alilitazama lile gari. Angevuka feri humo, vioo vimefungwa, na hakuna ambaye angetafuta upepo. Angepanda ngazi za ofisi na kuipita ile baraza ya magunia bila kusimama. Alikuwa amelitamani jambo hilo maisha yake yote bila kulijua. Alitazama pwani. Mastura alikuwa ameshashuka, hakugeuka nyuma kumtazama. Alikuwa akikokota jiwe kwa mikono miwili.

"Mchukueni Kefa, bwana," alisema. "Yeye ndiye anayesoma, na hatakubali neno lipungue. Mimi nitakuja na feri ya jioni."

Kefa hakungoja kuombwa mara mbili. Aliingia garini na shati lake la kanisani, akapunga mkono kama gavana.

Barakat alivua viatu, akavipanga pembeni ya mkeka wa mama yake. Alikunja suruali iliyopigwa pasi mpaka juu ya magoti. Kisha akachukua mapakacha mawili, moja kila mkono, akashuka ukingo, akaingia topeni.

Alizama mpaka magotini kwa hatua ya kwanza. Kwa hatua ya pili tope likamnyima mguu, akakaa kitako ndani yake, na mashimo yote yakacheka kwa pamoja. Mbeyu aliuliza kama nyapara amekuja kusimamia au kuoga. Juu ya ukingo Kitsao alikuwa akicheka na wenzake, mpaka alipoona hakuna tena wa kucheka naye: mjazaji mmoja alikuwa ameshavua viatu, na mwingine anakunja suruali. Akasema, haya, liwalo na liwe, akashuka na mafuta yake yote usoni.

Barakat alifika penye shimo la mkewe akiwa mweusi kuliko yeye. Mastura alimpokea pakacha, akalimimina, akamwonyesha pa kusimama.

"Kanyaga," alimwambia. "Usiyapapase. Yakanyage yashuke."

Akakanyaga. Maji yaliwafika kwenye vifundo, kisha kwenye ugoko, na wao wakipokezana makumbi na mawe, wanaume na wanawake, wimbo wa arusi ukiwa umefika kwenye beti ambazo Mtongwe ilikuwa haijapata kuzisikia zikiimbwa mchana. Bi Alawiya alikuwa ameinuka mkekani, amesimama ukingoni kabisa. Alimpigia mwanawe kelele kwamba vidole havisaidii kitu, atumie visigino, na Barakat akashika bega la mkewe, akatumia visigino.